Kifua cha Kamanda

Kifungo cha pili kutoka juu ndicho kilichoanza fujo. Kilivuta uzi, kikakaza, halafu kikaruka kutoka kwenye koti la Kamanda na kwenda kutua ndani ya kikombe cha chai cha meneja, tubwi! Wakati huo ofisi nzima ilikuwa kimya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujifanya hakusikia.

Meneja alikitazama kifungo kikizama. Kisha akamtazama mshonaji.

"Bi Futi," alisema, "hili ndilo koti la mfano?"

"Ndilo."

"Na mumeo umempima mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

Nje ya dirisha, walinzi saba waliokuwa wakijifanya wanafagia uwanja waliacha kujifanya. Jambo lenyewe liliwahusu. Kampuni yao ya ulinzi ilikuwa imempa Bi Futi kazi ya kushona makoti thelathini ya sare, na vipimo alivichukua miezi minne nyuma, siku walinzi wote walipokusanywa kutoka malindoni. Kitambaa kikachelewa. Kilipofika, wakakubaliana aanze na koti moja la mkuu wa walinzi, likimkaa vizuri amalizie ishirini na tisa yaliyobaki. Mkuu mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Kamanda, alikuwa mume wa Bi Futi kwa miaka ishirini na sita. Nani angefikiri mtu atakosea kifua anachokilalia?

Kamanda alisimama katikati ya chumba, koti limefunguka mbele, macho ameyapandisha darini kana kwamba huko kuna mwizi.

"Ningesema amenenepa," meneja aliendelea, "lakini tazama suruali. Inamkaa vizuri kabisa. Mtu hanenepi kifua akaacha tumbo."

"Labda nililaza futi vibaya," Bi Futi alisema. Hakuamini kwamba maneno hayo yametoka kinywani mwake.

Hapo joto likamjia. Halikumwomba ruhusa, halijawahi. Lilianzia chini ya kifua, likapanda shingoni, likamfunika uso, na jasho likaanza kumtiririka nyuma ya masikio. Akanyakua kitu cha kwanza alichokiona mezani na kuanza kujipepea nacho. Kilikuwa daftari la wageni. Kalamu iliyofungwa humo kwa kamba ikawa inampiga mkononi, ta, ta, ta, na walinzi wa dirishani wakauma midomo.

"Pole, mama," meneja alisema, na pole yenyewe ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Umri huo. Hata mama yangu mzazi alifika mahali akawa anatia chumvi kwenye chai."

Bi Futi alimtazama mumewe amsemee neno. Kamanda alikohoa.

"Kosa dogo tu, mheshimiwa," alisema. "Mama watoto siku hizi halali vizuri. Anasahausahau."

"Kutanua koti moja si kazi," meneja alisema. "Ninachotaka kujua ni kama vile vipimo ishirini na tisa vilivyomo daftarini mwake vinaaminika. Siwezi kuwatoa watu malindoni mara ya pili. Ijumaa mchana, Bi Futi, njoo unieleze kosa liko wapi. Usiponieleza, kitambaa kinakwenda kwa fundi mwingine."

Akakiopoa kifungo kwa kijiko na kumkabidhi.

* * *

Kiwanda chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi, na msumari ukutani wa kutundikia mkasi. Futi haikutundikwa popote. Ilikaa shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kuoga, na jina lake halisi watu walikuwa wamelisahau kwa sababu ya hiyo futi.

Siku hiyo aliingia, akaivua, akaitundika kwenye msumari wa mkasi.

"Wifi!" alipiga kelele dada yake Kamanda, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili akikunja pindo. "Kuna nini? Mbona unavua?"

"Shika wewe kupima. Mimi nitabaki na kushona."

"Mimi? Mimi nikipima mtu napata namba tatu na zote napenda."

"Basi tutachagua ya katikati," Bi Futi alisema, akakaa chini na kulia.

Wifi alikuja akamshika bega. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo wa kulingana nao. Yeye ndiye aliyemlea Kamanda mgongoni walipokuwa wadogo, na bado alimchukulia hivyo. Pamoja na kukunja pindo na kushikiza vifungo, aliuza mafuta ya kupaka ya wanawake. Yalikuja katika makopo meupe yasiyo na jina, yakinukia mnanaa, na alisema yamechanganywa na mtaalamu.

Namna Bi Futi alivyoyaingia mafuta hayo, fundi mwenzake yeyote angemwelewa. Hedhi ilipomkoma na hayo majoto kumwandama, muuguzi mmoja alimwambia zipo dawa za homoni hospitalini, aende akaonane na daktari. Wifi alishtuka. "Vidonge vya kiwandani? Wewe unayechoma uzi wa kila mtu?" Na ni kweli. Mteja akimletea kitambaa na kuapa ni pamba tupu, Bi Futi alivuta uzi mmoja, akaugusisha kiberiti. Pamba huwaka na kuacha majivu. Ya kiwandani hujikunja na kuwa kishanga cheusi kigumu. Kwa kiberiti hicho aliaibisha wafanyabiashara wakubwa. Sasa mtu wa namna hiyo, ukimwambia huku kuna homoni ya bandia na huku kuna ya asili inayofanana na ya mwili wenyewe, atachagua ipi? Alichagua asili, hakuuliza zaidi, na kiberiti siku hiyo alikisahau.

"Tatizo unapaka kidogo," Wifi alisema sasa, akimfuta machozi kwa kipande cha bitana. "Ongeza. Si unaona kopo linavyokwisha upesi? Mwili unaomba."

"Linakwisha, kweli. Lakini sioni nafuu. Mwezi uliopita nilishona suruali ya mtu nikaweka miguu miwili ya kushoto, wifi. Miwili!"

"Yule mteja mwenyewe anatembea upande."

Bi Futi alicheka huku analia. Lakini ile futi ikabaki msumarini, na siku mbili zilizofuata kila aliyeingia aliitazama kabla ya kumsalimu, kama watu wanavyotazama kiti cha marehemu.

* * *

Jumatano asubuhi alishindwa kuvumilia. Alilitandaza lile koti mezani na kulipima mshono kwa mshono. Daftari lilisema kifua inchi arobaini, na koti lilikuwa na arobaini pamoja na nafasi ya kupumulia. Hakuna uongo. Basi uongo uko kwenye mkono uliopima, au kwenye futi. Akaitoa futi msumarini, akaenda kupima milango. Mlango wa mbele aliujua tangu wanahamia: inchi thelathini na mbili. Akaupima mara tatu, ukawa thelathini na mbili mara tatu. Mlango haukunenepa.

Wakati huo Kamanda akatoka bafuni. Wanaume wa kawaida hufunga taulo kiunoni. Kamanda alikuwa ameifunga kwapani.

"Baba watoto."

"Naam."

"Tangu lini unafunga taulo kama bibi harusi?"

"Kuna baridi."

"Nyumba hii mimi nimefungua madirisha yote kwa joto, wewe una baridi. Njoo hapa. Inua mikono."

"Nachelewa kazini, mama watoto."

"Kamanda. Inua mikono."

Mlinzi aliyewahi kumkimbiza mwibaji wa nyaya mpaka juu ya paa alirudi nyuma hatua moja, akagonga cherehani, akakosa pa kwenda. Akainua. Futi ikamzunguka. Ilipogusa mbele alitoa sauti nyembamba ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Usikaze! Panauma!"

Bi Futi alisoma. Akasoma tena. Kisha akageuza futi na kupima mgongo peke yake, bega kwa bega, kisha kiuno.

"Mgongo ule ule," alisema taratibu. "Bega lile lile. Kiuno kile kile. Kifua arobaini na tatu! Inchi tatu zimeongezeka, na zote ziko mbele!"

"Soma polepole, majirani watasikia."

Akaivuta taulo. Wakatazama wote wawili. Kisha Kamanda akaishusha mikono na kukaa juu ya kiti cha cherehani, akazungumza akielekea ukutani.

"Ninakufa," alisema. "Nimeota matiti, mke wangu. Nimekaa nayo mwezi wa pili huu. Redio nimeshaamua atachukua kijana wetu mkubwa. Baiskeli nimempa dada."

"Unakufa na nini?"

"Ugonjwa wako. Tunalala kitanda kimoja, umenishika. Hata juzi nilisikia lile joto."

"Juzi ulikuwa umesimama getini mchana wa jua na koti la baridi!"

Aliinama kumshika uso, na hapo pua yake ikapata habari kabla ya akili. Mnanaa. Kifua kizima kilinukia mnanaa.

"Unapaka nini hapa?"

"Mafuta ya kikohozi. Yale ya kopo jeupe bafuni."

"Tangu lini?"

"Tangu kikohozi cha wakati wa mvua. Napaka kifuani na magotini. Magoti yamepona, lazima niseme kweli."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Vidole vitatu vizuri. Dada alisema mwenyewe ni ya asili, hata ukilamba hayadhuru."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu alikuwa amejipaka mwenyewe na kusugua. Bi Futi alikaa sakafuni. Alicheka mpaka akashika mguu wa meza. Alicheka kwa ajili ya kopo lililokwisha upesi, na mwili ulioomba, na baiskeli. Kisha kicheko kikakatika.

"Ulijua," alisema. "Juzi ofisini, kifungo kilipotoka. Ulijua si futi."

Kamanda aliipandisha taulo tena kwapani.

"Ulisimama pale ukasema mama watoto anasahausahau."

"Nilijua," alisema. "Nilishindwa. Watu wale nawaamrisha mimi. Wakijua, nitaanzaje kusema 'mguu pande'?"

"Na mimi nimetundika futi yangu msumarini. Miaka thelathini, Kamanda. Nilidhani akili inaniacha."

Hilo lilimwingia. Alipapasa taulo. Mwishowe alichokiomba kilikuwa siri.

"Usiwaambie kazini. Nakuomba. Watanicheka mpaka kaburini."

Alimtazama, mtu mzima aliyekaa na kifua chake kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa na hasira naye ya kutosha kushona makoti mia. Lakini alikuwa mumewe.

"Sitawaambia," alisema. "Vaa. Tunakwenda kwa daktari."

* * *

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Aliwapa shikamoo wote watatu, maana Wifi alikuwa amekuja na kopo lake, tayari kulitetea.

Alimchunguza Kamanda nyuma ya pazia. Waliobaki huku walisikia "aa", "aa hapo", na "daktari, wewe una umri wa binti yangu, funga macho." Alipotoka, daktari alikuwa ameuma mdomo.

"Baba hafi," alisema. "Tutampima damu tuwe na uhakika, lakini naona chanzo kiko mezani. Hii ni homoni ya kike, estrojeni. Inaingia kwa ngozi. Ukimpaka mwanamume miezi minne, ngozi haiulizi kama ni mwanamke au mkuu wa walinzi."

"Lakini ni ya asili!" Wifi alisema. "Inafanana na ya mwili. Si zile za bandia."

"Shangazi, kufanana na ya mwili si kosa. Hata mimi naandika zinazofanana. Zipo dukani, kiwanda kimezitengeneza, kila moja ina kiasi chake kilichopimwa. Na zipo zisizofanana, za maabara tupu, nazo zinafanya kazi, zina watu zinaowafaa na zisiowafaa. Wewe unasikia 'asili' unadhani imechumwa mtini. Vipo vidonge vya zamani ambavyo vimetokana na kiumbe hai kabisa, asili mia kwa mia."

"Unaona!"

"Vilitolewa kwenye mkojo wa farasi jike mwenye mimba."

Wifi alifunga kopo lake polepole.

"Farasi," Bi Futi alisema. "Kwa hiyo ile ya asili ni ya farasi, na ile inayofanana na mimi imetoka kiwandani."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi kiberiti changu hapa hakifai kitu."

Daktari hakujua habari za kiberiti, akaendelea. "Huyu mtaalamu wenu anachanganyia wapi?"

"Nyuma ya duka la rangi," Wifi alisema, na kwa mara ya kwanza aliona sentensi hiyo ilivyo. "Ana mizani," aliongeza.

"Kopo hili lina kiasi gani?"

"Anakadiria kwa jicho."

Bi Futi aligeuka. Miaka yote hiyo alikuwa akifukuza mafundi vijana waliokata kitambaa cha watu kwa jicho. Na yeye mwenyewe alikuwa amejivika koti lisilopimwa, akafunga vifungo, akashangaa kwa nini halikai.

"Mama," daktari alisema, sasa kwa sauti ya chini, "tangu hedhi ikome, umeona damu yoyote?"

Bi Futi alitazama pazia. "Kidogo. Mara mbili, mwezi uliopita."

"Hukuniambia!" Kamanda aliruka.

"Na wewe uliniambia?"

Kamanda akakaa tena. Daktari akaeleza kwamba mwanamke mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Lazima apewe na homoni ya pili, projesteroni, ya kuulinda ukuta wa ndani, la sivyo ukuta unanenepa, na huko ndiko mabaya yanakoanzia. Akampeleka chumba cha ultrasaundi. Bi Futi alilala pale akitazama kioo, akaona daktari akivuta mstari mdogo mweupe kutoka ncha hii mpaka ile, na namba ikatokea pembeni.

"Kumbe hata huko ndani mna futi," alisema.

"Milimita tatu. Mwembamba, ndivyo tunavyotaka. Ukiona damu tena, uje siku hiyo hiyo, usingoje." Daktari alifuta mashine, akacheka peke yake. "Huenda baba amekusaidia. Dawa yako yeye ndiye aliyekuwa anaimaliza."

Kamanda alipoambiwa hivyo alinyoosha mgongo kwa fahari, halafu akakumbuka kilichonyooka pamoja nao, akajikunja tena.

Daktari alimuuliza Bi Futi habari za moyo, presha, na jamaa waliougua saratani ya matiti, akaandika yote. Ndipo akampa plasta ndogo angavu ya estrojeni ya kubandika nyongani, mbili kwa wiki, na vidonge vya projesteroni vya jioni. Akamwambia nafuu huja taratibu na arudi baada ya miezi mitatu. Kamanda alipewa amri moja: aache. Uvimbe ungepungua wenyewe, wiki hadi miezi.

"Wiki hadi miezi!" Kamanda alisema. "Ijumaa je?"

Njiani Wifi alitangulia mpaka mtaa wa pili. Ndipo akasimama.

"Nimewauzia wanawake kumi na wanane," alisema. "Na mchungaji mmoja, ya mgongo."

"Basi anza na mchungaji," Bi Futi alisema.

* * *

Ijumaa mchana walinzi wengi kuliko kawaida walikuwa na shida ofisini. Mmoja alikuja kuulizia tochi, mwingine filimbi, watatu hawakukumbuka walichokuja kuulizia. Walijipanga ukutani. Fundi mwingine naye alikuwa ameitwa. Alikaa pembeni na futi mpya ya njano, akiibembea kidoleni.

Bi Futi alikuja shingo tupu. Asubuhi alikuwa ameitafuta futi msumarini akaikosa, akadhani Wifi ameichukua. Mkononi alikuwa na koti la pili, alilolishona kwa siku mbili kwa vipimo vile vile vya daftarini. Mlinzi wa geti, ambaye vipimo vilikuwa vyake, alilivaa. Likamkaa kama amezaliwa nalo.

"Zuri," meneja alisema. "Lakini moja limekaa, moja limekataa. Hiyo ni bahati nasibu, Bi Futi. Mimi nilitaka unieleze. Kosa la koti la mumeo lilikuwa wapi?"

Alijua lilikuwa wapi. Lilikuwa hatua tatu kutoka kwake, limevaa shati pana na kukunja mikono kifuani. Angeweza kulionyesha kwa kidole, na makoti ishirini na tisa yangekuwa yake, na jina lake lingerudi. Alifungua mdomo.

"Sina maelezo," alisema.

"Basi itabidi..." Meneja aligeukia futi ya njano.

"Mheshimiwa!"

Ilikuwa sauti ya gwaride. Walinzi wote ukutani walisimama wima kwa mazoea, hata aliyekuja kuulizia tochi. Kamanda alipiga hatua mbili mbele, akavua shati, akabaki na fulana iliyombana. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa futi. Ile ya zamani, yenye ncha zilizofifia. Akaenda akamvika mkewe shingoni, akairekebisha pande zote mbili zilingane, akasimama mbele yake na kuinua mikono.

"Pima."

"Baba watoto, si lazima."

"Pima. Na usome kwa sauti."

Akapima. Macho yake yalikuwa yanaona namba kupitia machozi.

"Arobaini na tatu," alisema.

"Wangapi wamesikia? Miezi minne nyuma aliandika arobaini, na zilikuwa arobaini. Futi haikukosea. Akili yake haikukosea. Mimi nimejipaka dawa ya mke wangu nikidhani ni ya kikohozi, nikaota matiti. Nilijua, nikamwacha aitwe mzee mbele yenu." Aliwageukia. "Sasa chekeni. Mna dakika moja."

Walicheka dakika nne. Mlinzi wa geti alichekea ndani ya kola ya koti jipya mpaka Bi Futi akamwambia asilichafue. Fundi wa futi ya njano alicheka akaangusha futi. Meneja alijaribu kujificha nyuma ya kikombe, chai ikamtoka puani. Na Kamanda alisimama katikati yao mikono juu, kama mtu aliyekamatwa, masikio yakimwaka, akiwatazama mmoja mmoja na kuhesabu sekunde.

"Muda umekwisha!" alisema. "Mguu pande!"

Wakakaa mguu pande. Ajabu ni kwamba walikaa.

Ndipo mlinzi mmoja wa makamo, aliyekuja kuulizia filimbi, akakohoa. "Kamanda. Hiyo dawa ya mama. Yaani iliyo sahihi. Ni ya nini hasa?"

"Muulize mwenyewe."

"Nauliza kwa sababu... wa kwangu naye anafungua madirisha. Juzi alinitoa kitandani akasema napumua moto. Nilidhani hanitaki tena."

"Wa kwangu analia akiona kijiko kimepinda," alisema mwingine.

"Huyo wangu hata kushikwa mkono hataki. Nilikuwa nafikiria kuzungumza na wazee."

Hakuna aliyecheka sasa. Bi Futi aliwatazama, wanaume wazima wenye virungu kiunoni, wamejipanga mbele yake kama siku ya kupimwa. Aliwaambia kwanza wasipake kitu chochote. Akawaambia wake zao waende kwa daktari, waulize wenyewe, wapimwe wao, maana ya huyu haimkai yule. Wawili walitoa kalamu na kuandika mkononi.

Walipoondoka meneja alifunga mlango. Alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Endelea na makoti," alisema. "Ishirini na tisa."

"Asante."

"Na Bi Futi. Lile la chumvi kwenye chai. Nilisema mama yangu." Alipanga karatasi tena. "Ni mke wangu. Mwezi uliopita. Nilimgombeza mbele ya wageni."

Bi Futi alichukua kipande cha karatasi, akamwandikia jina la zahanati.

Nje, Kamanda alikuwa anamngoja kivulini, shati amelifunga mpaka juu. Hakusema samahani, alikuwa ameshaisema kwa fulana. Mkewe alimpa mkoba wake abebe, akatoa daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, mahali palipoandikwa jina lake na arobaini ya wino. Alitaka kuikata, akaiacha. Pembeni yake akaandika arobaini na tatu, na hiyo aliiandika kwa penseli.